Kenmare, Sneem, Cahersiveen au Portmagee: ulale mji gani kwenye rasi ya Iveragh?

Mama mdogo alikuja kunitembelea Cork kutoka Tanga. Siku ile nilikuwa na zamu kazini, nikamkatia tiketi ya basi la watalii linalozunguka rasi ya Iveragh, kule kaunti ya Kerry, kusini magharibi mwa Ayalandi. Njia hiyo ndiyo wanayoiita Ring of Kerry: kilomita kama 179 kutoka Killarney hadi kurudi Killarney, mkono mmoja milima, mkono mwingine Atlantiki. Alirudi usiku. Akavua viatu, akakaa kitako, nikamuuliza safari ilikuwaje. Akaniambia, "Nimepita, mwanangu. Sikufika."

Alisema kweli. Basi la siku moja halina budi kukimbia: dakika ishirini hapa za kwenda msalani na kupiga picha, nusu saa pale ya chai, kisha panda twende. Miji ya rasi hii ni midogo, na mji mdogo hauonekani mchana wakati watalii wamejaa. Unaonekana jioni mabasi yakishaondoka, na alfajiri kabla hayajaja. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mgeni ni ule ule: chagua mji mmoja, ulale siku mbili au tatu, mengine uyafuate kutoka hapo. Swali linalobaki ni mji upi, na hilo nimeulizwa na ndugu wa Dar na Mombasa, na wenzetu wa London na Birmingham wanaovuka kuja huku wikiendi.

Nalinganisha minne: Kenmare, Sneem, Cahersiveen, na Portmagee pamoja na jirani yake Knightstown ng'ambo ya daraja. Killorglin na Waterville nitaitaja kwa ufupi mwishoni.

Ninavyopima

Kila mji nimeuuliza mambo matano. Historia yake iko wapi, na je, unaweza kuifikia kwa miguu? Bahari na milima inaonekanaje ukiwa pale pale? Unafikaje, hasa kama huna gari? Utakula nini na utalala wapi? Na mwisho, panamfaa nani? Sikupima uzuri wa picha, maana yote minne ina nyumba zilizopakwa rangi za kung'aa na yote minne itakupendeza kwenye simu.

Kuna machache yanayoihusu miji yote, na afadhali uyajue kabla hujalipia chochote. Ayalandi haimo katika Schengen. Viza yako ya Ujerumani au Uholanzi haitakuingiza huku, na wewe unayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya shughulikia viza ya Ayalandi kwanza. Magari hupita kushoto kama nyumbani, na hilo ni nafuu kubwa kwetu kuliko kwa Mmarekani. Ila barabara ya N70 inayozunguka rasi ni nyembamba, kuta za mawe zinakaribia vioo vya gari, na magari mengi ya kukodi ni ya gia. Ukitaka otomatiki sema mapema na ujiandae kulipa zaidi. Mabasi makubwa huanza Killarney na kuelekea Killorglin kwanza. Ukienda mkondo wao utakaa nyuma yao. Ukienda kinyume mtakutana kwenye kona. Mimi huondoka kabla ya saa tatu asubuhi, na habari ya mabasi inaniishia hapo.

Mvua haina msimu. Inaweza kunyesha mara nne kwa siku na jua likatoka mara tano. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hata ukifika umechelewa bado una jioni nzima ya kutembea. Desemba giza limeshaingia saa kumi na moja jioni, na sehemu nyingi zimefungwa.

Kenmare

*Historia.* Mji huu ulichorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. William Petty alikuwa daktari aliyekuja Ayalandi na jeshi la Cromwell, Mwingereza aliyeivamia nchi, kisha miaka ya 1650 akasimamia kazi kubwa ya kupima ardhi waliyonyang'anywa Waayalandi ili igawiwe askari na wafadhili wa vita. Yeye mwenyewe aliambulia eneo kubwa la Kerry, na mwaka 1670 akaanzisha makazi hapa. Mwaka 1775 mtu wa ukoo wake, ambaye baadaye akawa Marquess wa kwanza wa Lansdowne, aliupanga upya kwa barabara mbili zinazokatana kama herufi X. Fungua ramani ya leo na utaiona herufi ile ile. Wenyeji kwa Kiayalandi huuita Neidín, yaani kiota kidogo, na jina hilo linanifurahisha kuliko lile la kimwinyi.

Dakika chache kwa miguu kutoka uwanja wa katikati ya mji kuna duara la mawe la Enzi ya Shaba: mawe 15 yamesimama kuzunguka jiwe kubwa lililofunika kaburi. Ni miongoni mwa maduara makubwa kabisa kusini magharibi mwa nchi. Kando yake kuna mti wa miiba ambao watu huufunga vikaratasi na vitambaa vya kuombea haja zao. Aliyekulia pwani yetu na kuona vitambaa vyeupe na vyekundu kwenye mizimu hatahitaji kuelezwa maana yake.

Mji una jeraha lake pia. Baada ya Njaa Kuu ya miaka ya 1840, wakala wa shamba la Lansdowne aliamua kwamba ni nafuu kuwalipia nauli mafukara wa eneo hili kwenda Amerika kuliko kuwalisha, na maelfu wakaondoka kuanzia 1851. Wengi waliishia mitaa duni ya New York. Mwaka 1861 masista wa Mtakatifu Klara walifika, wakaanza kuwafundisha wasichana kushona lesi ili wapate kipato. Kituo cha lesi kipo mpaka leo. Mama mdogo aliporudi mara ya pili, nilimpeleka. Lesi ya Kenmare haianzi na kitambaa. Huanza na uzi na sindano tupu, mshonaji akijenga tundu baada ya tundu juu ya mchoro, kisha mchoro unaondolewa na kazi inabaki imejishikilia yenyewe. Mama mdogo ameshona kofia za mkono tangu yu msichana. Aliinama juu ya kipande kile muda mrefu, akahesabu matundu kwa ncha ya kidole bila kugusa kioo, akasema, "Huyu alikuwa na macho."

*Bahari na milima.* Hapa ndipo Kenmare inapopungukiwa. Maji unayoyaona ni ya ghuba ndefu iliyotulia, wala si bahari kuu yenye mawimbi. Milima ni mizuri: barabara ya kwenda Killarney kupitia Moll's Gap, kilomita kama 32, ni kati ya zinazopendeza zaidi nchini. Kadhalika uko mlangoni mwa rasi ya Beara, upande wa kusini, ambayo haina msongamano kabisa.

*Kufika.* Ndio mji rahisi kuliko yote kwa asiye na gari. Treni inafika Killarney kutoka Dublin na Cork, na basi linakuleta Kenmare.

*Kula na kulala.* Migahawa ni mingi kuliko ukubwa wa mji unavyostahili, samaki wazuri, na Jumatano kuna soko uwanjani. Bei ziko juu. Ni mji wenye nafasi, na unajua hivyo.

*Panamfaa nani.* Wazee, wanaosafiri bila gari, wapenda kazi za mikono, na wanaotaka kutoka mlangoni wakakuta kila kitu. Aliyekuja kwa ajili ya Atlantiki ataondoka hajashiba.

Sneem

*Historia.* Jina lake kwa Kiayalandi lina maana ya fundo. Ukisimama kwenye daraja la mawe katikati ya mji utalielewa: mto unashuka kwa kishindo kati ya miamba, na pande zote mbili za daraja kuna uwanja wa nyasi wenye nyumba za rangi, kama vijiji viwili vilivyofungwa pamoja. Charles de Gaulle alikuja kupumzika eneo hili mwaka 1969 mara tu baada ya kujiuzulu urais wa Ufaransa, na mji umemwekea kumbukumbu. Kuna pia sanamu ya Steve Casey, mwanamieleka wa hapa aliyetwaa ubingwa wa dunia miaka ya 1930.

Ndani ya mji historia inaishia hapo karibu. Utajiri wake uko nje, upande wa magharibi, kwa gari. Kwanza ni Staigue, boma la duara la mawe matupu bila chokaa wala saruji, kuta zake zikifika mita 5 na zaidi kwenda juu na kama mita 4 kwa unene. Ingia ndani uangalie ukuta kwa makini. Ngazi zimejengwa humo humo ukutani, jozi kwa jozi, zikipanda na kukutana kama herufi X, na unaweza kutia vidole kati ya mawe ukakuta hakuna kinachoyashika zaidi ya uzito wake. Mbele kidogo ni Derrynane, nyumba ya Daniel O'Connell, ambaye nitamzungumzia kwenye Cahersiveen. Ndani wamehifadhi kitanda alichofia Genoa mwaka 1847, na gari la kifahari la farasi alilopandishwa akipita mitaa ya Dublin siku alipotoka gerezani mwaka 1844.

*Bahari na milima.* Milima iko nyuma ya mji, karibu kabisa. Bahari haionekani mjini. Tembea kidogo kufuata mto. Ufukwe wa Derrynane, ukiupata siku ya jua, utakukumbusha nyumbani mpaka utie mguu majini.

*Kufika.* Bila gari ni tabu. Mabasi ni machache na hayakupi uhuru wa kwenda Staigue. Mchana wa kiangazi mji unajaa mabasi ya watalii. Jioni unakuwa wako peke yako.

*Kula na kulala.* Kuna nyumba chache za wageni na baa zinazopika. Mji unajulikana kwa soseji yake ya damu, ambayo huokwa kwenye trei na kukatwa vipande vya mraba, na Umoja wa Ulaya unalilinda jina lake. Kwa asiyekula damu wala nguruwe, neno moja linalofaa rasi nzima: kifungua kinywa cha Kiayalandi kina bekoni, soseji na hiyo ya damu. Mwambie mwenye nyumba usiku wa kuamkia. Atakupa mayai, samaki wa kukaushwa kwa moshi na uji wa oti, na hatakasirika.

*Panamfaa nani.* Wanandoa au familia yenye gari inayotaka utulivu usiku na maboma ya mawe kuwa karibu asubuhi. Kwa vijana wanaotaka pilikapilika, usiku mmoja unatosha.

Cahersiveen

*Historia.* Nitasema wazi kwamba huu ndio mji ninaoupenda, ili ujue kupima maneno yangu. Watalii wengi wanaupita. Ni barabara moja ndefu yenye maduka ambayo mengine yamefungwa, na kwa mtazamo wa kwanza hauna mvuto wa Kenmare. Lakini kwa historia ya watu wa kawaida waliokataa kutawaliwa, rasi nzima haina mwingine kama huu.

Daniel O'Connell alizaliwa hapa Carhan, ukingoni mwa mji, tarehe 6 Agosti 1775. Magofu ya nyumba yapo kando ya daraja unapoingia. Ndiye wakili aliyewakusanya Wakatoliki maskini wa Ayalandi kwa mamia ya maelfu, bila bunduki, mpaka mwaka 1829 bunge la London likawafungulia mlango wa kuingia bungeni. Kwa msomaji wa Bagamoyo, Kilwa au Zanzibar kuna jambo jingine la kumkumbukia: alipinga utumwa maisha yake yote, na hakulegeza hata pale msimamo huo ulipomgharimu wafuasi wa Kiayalandi waliokuwa Marekani. Mwaka 1845 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, alimsikia akihutubia Dublin na akamsifu tangu siku hiyo. Kanisa la mji limepewa jina lake, jambo la nadra sana kwa kanisa Katoliki kuitwa kwa jina la mtu asiye mtakatifu. Jiwe la msingi lililetwa kutoka Roma, likawekwa mwaka 1888. Ingia hata kama si dini yako, ukae dakika kumi.

Hatua chache kutoka hapo, kando ya mto, ni jengo la ajabu: kambi ya zamani ya polisi wa serikali ya Kiingereza, yenye minara kama ya ngome ya kwenye vitabu vya watoto. Mtaani wanasimulia kwamba michoro ilichanganywa posta na hii ilikuwa ya kujengwa India. Ni hadithi tu, ila kila mwenyeji atakusimulia. Kilicho cha kweli ni sababu ya kuijenga: mwezi Februari 1867 wanamapinduzi wa Fenian waliinuka kwanza hapa, kabla ya sehemu nyingine za nchi, na serikali ikataka jicho la kudumu juu ya mji. Ilichomwa mwaka 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sasa imekarabatiwa na ndani ni makumbusho.

Vuka daraja kwenda upande wa pili wa mto. Kilomita chache, unaweza kwenda kwa miguu au baiskeli, utakuta gofu la ngome ya Ballycarbery na maboma mawili ya mawe, Cahergall na Leacanabuaile. Panda juu ya ukuta wa Cahergall jioni. Utaona mji wote chini, mto, kisiwa cha Valentia, na bahari nyuma yake.

*Bahari na milima.* Mlima Bentee uko nyuma ya nyumba. Ni mwendo wa kupanda asubuhi ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Mji wenyewe uko kwenye mlango wa mto, lakini bahari ya wazi ni dakika kumi na tano kwa gari.

*Kufika.* Zamani treni ilifika hapa na kuendelea hadi bandari ya kuvukia Valentia. Reli ilifunguliwa mwaka 1893, ikafungwa 1960, na njia yake sasa inageuzwa kuwa ya baiskeli na waenda kwa miguu. Leo kuna basi kutoka Killarney kupitia Killorglin, lakini safari ni chache kwa siku. Angalia ratiba kabla hujapanga lolote. Kivuko cha kwenda Knightstown kiko Reenard, kilomita chache tu.

*Kula na kulala.* Bei ni nafuu kuliko Kenmare na uchaguzi ni mdogo. Vyakula vya baharini ni vizuri. Jioni kuna baa za muziki wa kienyeji, na mgeni anaulizwa ametoka wapi kwa nia ya kujua kweli. Nimekaa hapo na mzee mmoja aliyekuwa na shangazi sista aliyefundisha Kenya. Aliijua Nairobi ya miaka ya sitini kwa barua zake kuliko ninavyoijua mimi.

*Panamfaa nani.* Mwenye kiu ya historia, mwenye bajeti ya wastani, na anayetaka kuifikia ncha ya magharibi ya rasi kila siku bila kulala ufukweni. Hapamfai anayetaka mji uliopambwa.

Portmagee na Knightstown

Hii ni miji miwili inayotazama maji yale yale. Portmagee ni mstari mmoja wa nyumba za rangi kwenye bara, ukielekea mkondo mwembamba wa bahari. Ng'ambo ni kisiwa cha Valentia, kilichounganishwa kwa daraja, na upande wake wa pili ndio Knightstown wenye mnara mdogo wa saa gatini.

*Historia.* Watu huja Portmagee kwa jambo moja: Skellig Michael, mwamba unaochomoza baharini mita 218, kilomita kama 12 kutoka nchi kavu. Watawa wa Kikristo waliishi juu yake tangu zama za mwanzo za Ukristo wa Ayalandi hadi karne ya 12 au 13. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, miaka minne kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Boti hushusha watu kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, idadi ya kila siku ina kikomo, na tiketi huisha miezi kabla.

Nilikata tiketi ya Juni. Saa moja asubuhi nahodha akanipigia simu: bahari imekataa. Nikarudi mwaka uliofuata, ikakataa tena. Mara ya tatu tukaenda, karibu saa nzima ya kurushwa huku na huku, kisha unaruka kutoka botini kwenda kwenye ngazi boti ikipanda na kushuka. Ngazi ni 618, za mawe bapa, hazina pa kushika, na watu wameshapoteza maisha hapo. Juu kuna vibanda sita vya mawe vyenye umbo la chungu kilichopinduliwa, vimepangwa kavu bila udongo. Niliingia kimoja nikainua mkono gizani. Mawe yalikuwa makavu. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna tone lililokuwa limepita kwa zaidi ya miaka elfu moja ya mvua ya Atlantiki.

Kwa hiyo usije Portmagee kwa siku moja ukitegemea Skellig. Weka siku tatu, na uwe na la kufanya bahari ikikataa. Hapo ndipo Knightstown inapokuokoa. Mwezi Agosti 1858 waya wa kwanza wa simu ya maandishi kuvuka Atlantiki uliunganisha kisiwa hiki na Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani, maneno yasiyofika mia, zilichukua kama saa 16 kupita, na waya ukafa baada ya wiki chache. Uliodumu ulitandazwa mwaka 1866 na meli Great Eastern. Kazi ile ile ya nyaya za baharini ndiyo iliyoifikia Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Kituo cha Valentia kilifungwa 1966, na majengo yake bado yapo.

Kisiwani pia kuna machimbo ya mawe bapa yaliyofunguliwa mwaka 1816, ambayo mawe yake yalisafirishwa mpaka London na Paris. Na kwenye mwamba wa ufukweni kuna nyayo za mnyama wa miguu minne aliyetembea kwenye tope miaka kama milioni 385 iliyopita, viumbe walipokuwa ndio kwanza wanatoka majini. Zinaonekana kama vishimo vidogo vilivyopangwa jozi jozi. Nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, ili kivuli kijae ndani ya vishimo. Saa sita mchana utatazama mwamba usione kitu.

*Bahari na milima.* Hakuna mji wa rasi hii unaoishinda kwa bahari. Majabali ya karibu na Portmagee yanakuonyesha Skellig zote mbili, na ile ndogo ni nyeupe kwa maelfu ya ndege wanaozaliana juu yake.

*Kufika.* Gari ni lazima. Kivuko cha Knightstown hufanya kazi miezi ya joto tu. Miezi mingine zunguka kwa daraja.

*Kula na kulala.* Vyumba ni vichache na vya Juni hadi Agosti huisha mapema. Samaki, kaa na kome ni wa siku hiyo hiyo. Duka la kununua mahitaji ya kawaida, fuata Cahersiveen.

*Panamfaa nani.* Mwenye siku za kutosha, miguu imara na moyo wa kupokea bahari ikikataa. Wenye kizunguzungu cha urefu na wenye watoto wadogo wabaki Valentia, na hawatakuwa wamekosa mengi.

Miwili ya pembeni

Killorglin ni mji wa kawaida wa soko kwa siku 362. Siku tatu zinazobaki, tarehe 10 hadi 12 Agosti, huwa ni Puck Fair: beberu wa porini hukamatwa milimani, hutawazwa mfalme na binti wa shule, na mji haulali. Mnada huo una hati ya kifalme ya mwaka 1613. Waterville uko ufukweni kabisa, na una sanamu ya Charlie Chaplin aliyekuja na familia yake mara ya kwanza mwaka 1959 na akaendelea kurudi. Ni mahali pazuri pa kunywa chai ukitazama mawimbi, na wacheza gofu watasema zaidi.

Kwa hali yako

Huna gari na una siku mbili: Kenmare, na siku ya pili nunua nafasi kwenye ziara ya gari dogo kuelekea magharibi.

Una gari na siku mbili, mko wawili, mnataka kimya: Sneem. Staigue mfike mapema kabla ya mabasi, Derrynane mchana.

Una siku tatu, gari, na bajeti ya kubana: Cahersiveen. Siku ya kwanza mji na maboma, ya pili vuka Reenard kwenda Valentia na kurudi kwa daraja la Portmagee, ya tatu Waterville na Derrynane.

Umeshapata tiketi ya Skellig: lala Portmagee usiku wa kabla na usiku wa baada. Hukupata tiketi, lala Cahersiveen, uende Portmagee kula tu.

Unasafiri na wazazi: Kenmare kwa kulala, na tafuta chumba cha chini, kwa sababu nyumba nyingi za wageni hazina lifti. Unasafiri na watoto wa shule: Cahersiveen, kwa sababu kivuko, nyayo na maboma ya kupanda viko karibu.

Unakuja Novemba hadi Machi: Kenmare ndio unaobaki na taa nyingi zikiwaka. Kwa Portmagee piga simu kwanza uhakikishe kuna chumba na kuna jiko linalopika, kisha ndipo uwashe gari.